Chini pakavu haimaanishi gari halivuji
Mwandishi, hapo uliposema gari lisilodondosha maji halivuji, sikubaliani nawe. Langu lilikuwa likichemsha kila nikipanda mlima Kitonga, na chini pakavu kabisa. Fundi mmoja aling'ang'ania kung'oa themostati. Mwingine akasubiri injini ipoe, akafunga pampu ya kupimia presha kwenye mdomo wa rejeta, akajaza upepo. Mshale wa presha ukashuka taratibu, na pembeni ya wota pampu pakatokea unyevu wa kijani. Injini ikiwa ya moto, unyevu ule ulikuwa unakauka kabla haujadondoka. Nawe ndugu unayeshauri kwenye maoni ya hapo juu mfuniko wa rejeta ufunguliwe papo hapo gari likichemsha, tafadhali, utaunguza watu! Maji yakiwa na presha hupita nyuzi 100 bila kuchemka, ukifungua tu yanakurukia usoni.