Fundi, usiguse ile visi kwanza!

PlayStation 2 ilitoka mwaka wa 2000, lakini mu kartiye zetu ingali inatafutia watu mkate. Ikikataa kusoma diski, mafundi wengi wanakimbilia kuzungusha ile visi ndogo ya leza. Sisi tunasema: hapana! Leza inapata moto mwingi, mashini inasoma siku chache, kisha leza inakufa, na mwenye mashini analipa mara ya pili. Anza na diski ingine, sababu zile za kukopia zinasomeka kwa shida. Kisha chomoa waya, panguza lentiye polepole na pamba yenye alkoli kidogo, uache ikauke. Mara nyingi ni vumbi tu. Fundi mwenye kuanza na vumbi, huyo njo wa kulipwa.