Bahasha za Queen: Kumbukumbu yauzwa, barua yatoweka

Septemba 5, 2026 inatimia miaka 80 tangu alipozaliwa Unguja mtoto aliyepewa jina la Farrokh Bulsara, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen la Uingereza. Kwa mashabiki wengi maadhimisho kama haya ni ya muziki. Kwa wakusanyaji wa stempu na bahasha za kumbukumbu, ni wakati wa kufungua makasha, kuhesabu walichonacho na kutafuta walichokikosa.

Biashara ya bahasha hizo inaendelea katika dunia ambayo barua yenyewe inakata roho. Nchini Uingereza idadi ya barua zinazopelekwa kwa mwaka imeshuka kutoka bilioni 20 hivi katikati ya muongo wa 2000 hadi chini ya bilioni 7 kufikia mwaka 2024. Nchini Denmark, shirika la PostNord lilisambaza barua zake za mwisho mwishoni mwa Desemba 2025, na kufunga huduma ya barua ya posta ya taifa iliyodumu kwa miaka 400. Swali linalozuka ni hili: anayenunua bahasha ya Queen ananunua nini hasa?

Mpiga ngoma aliyezua kelele

Juni 1, 1999 shirika la posta la Uingereza, Royal Mail, lilitoa stempu ya peni 19 yenye picha ya Mercury akiwa jukwaani. Ilikuwa kazi ya msanii Peter Blake, katika mfululizo wa kuadhimisha milenia. Stempu nyingine za siku hiyo ziliwakumbuka watu kama Charlie Chaplin na Bobby Moore, nahodha wa England katika Kombe la Dunia la 1966.

Mercury alikuwa amefariki Novemba 24, 1991 kwa maradhi yaliyotokana na UKIMWI. Lakini nyuma yake kwenye stempu ile alionekana mpiga ngoma wa Queen, Roger Taylor, ambaye alikuwa hai. Desturi ya posta ya Uingereza ilikuwa kwamba mtu aliye hai haonekani kwenye stempu, isipokuwa awe wa ukoo wa kifalme. Wakusanyaji walilalamika, na stempu ikazidi kujulikana kwa sababu ya malalamiko hayo.

Desturi yenyewe haikudumu. Januari 2007 yalitolewa majalada ya albamu za Beatles, huku Paul McCartney na Ringo Starr wakiwa hai. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Pink Floyd, na Julai 9, 2020 ikafika zamu ya Queen yenyewe, kwa stempu 13 za kutimiza miaka 50 ya kundi hilo, nane kati yake zikiwa na majalada ya albamu. Kilichokuwa kosa mwaka 1999 kiligeuka kuwa ratiba ya biashara.

Sababu si ngumu kuielewa. Stempu ni malipo ya kazi ambayo posta itaifanya baadaye. Mtu akiinunua na kuihifadhi, posta imeshapokea fedha, na kazi hiyo haifanyiki kamwe. Kwa shirika linalopoteza barua kila mwaka, hakuna mteja bora kuliko huyo. Tena bei imepanda: barua ya daraja la kwanza iliyogharimu peni 76 wakati stempu za Queen zilipotoka, ilifikia pauni 1.70 mwezi Aprili 2025.

Bahasha isiyosafiri

Bahasha ya siku ya kwanza hubandikwa stempu mpya na kugongwa muhuri wa tarehe ileile stempu ilipotolewa. Mara nyingi muhuri huo huchongwa makusudi kwa ajili ya siku hiyo, na bahasha huchapishwa picha inayolingana na stempu. Nyingi hazina barua ndani. Zikipita kwenye posta, huwa zinatoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi, na wengi hupendelea zisiandikwe hata anwani, ili zibaki safi.

Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapojidanganya. Kitu kilichotengenezwa ili kihifadhiwe, na kikahifadhiwa na kila aliyekinunua, hakiwezi kuwa adimu. Septemba 2023, jumba la mnada la Sotheby's mjini London liliuza mali za Mercury zilizokuwa mikononi mwa rafiki yake wa karibu, Mary Austin, kwa jumla ya karibu pauni milioni 40. Piano yake peke yake ilipata zaidi ya pauni milioni 1.7. Aliyeona takwimu hizo akadhani bahasha yake ya 2020 nayo itapanda bei, alilinganisha piano moja na karatasi zilizochapishwa kwa wingi.

Kuna hatari nyingine inayozigusa nchi za Afrika moja kwa moja. Wachapishaji binafsi huchapa stempu zenye sura za wanamuziki mashuhuri na kuandika majina ya nchi ambazo hazikuidhinisha chochote. Umoja wa Posta Duniani, wenye makao yake mjini Bern, umekuwa ukitoa tahadhari, na tangu Januari 2002 kuna orodha ya kimataifa inayozipa namba stempu halali za nchi zinazoshiriki. Mnunuzi mwangalifu huanzia hapo.

Albamu ya mtoto wa Unguja

Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba Mercury mwenyewe alikuwa mkusanyaji. Alianza akiwa mtoto, akifuata nyayo za baba yake, Bomi Bulsara, aliyekuwa mtunza fedha katika serikali ya kikoloni Zanzibar. Royal Mail iliinunua albamu yake ya stempu mnadani mwaka 1993, na sasa iko katika Jumba la Makumbusho ya Posta mjini London. Ndani yake mna stempu za Zanzibar na za nchi nyingi, zimepangwa kwa ulinganifu wa rangi na umbo, kana kwamba mtoto yule alikuwa anapamba ukurasa kuliko kuhesabu thamani.

Nyumbani kumbukumbu yake imekuwa na mvutano. Mwaka 2006 sherehe iliyopangwa Unguja kwa ajili ya miaka 60 ya kuzaliwa kwake ilifutwa, baada ya jumuiya ya Uamsho kuipinga kwa hoja ya maadili ya Kiislamu. Novemba 2019 likafunguliwa jumba la makumbusho yake huko Shangani, Mji Mkongwe.

Familia ya Bulsara iliondoka mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, ikahamia Feltham, karibu na London. Mwaka huohuo stempu za Zanzibar zilizokuwa na sura ya sultani ziligongwa juu yake maneno "JAMHURI 1964", mwanzoni kwa muhuri wa mkono. Barua zilizobeba stempu hizo zilisafiri kweli: ziliandikwa na watu waliobaki kwenda kwa waliokimbia, na ndani yake mlikuwa na habari.

Barua kama hizo huenda bado zimo katika masanduku ya familia za Kizanzibari huko Muscat, Dubai na London, na mara nyingi hutupwa mzee anapofariki na nyumba kusafishwa. Wengine huibandua stempu na kuitupa bahasha, na hapo hupotea muhuri, tarehe na anwani, ambavyo ndivyo mkusanyaji wa kweli anavyovitafuta. Ni heri kuiacha bahasha nzima kama ilivyofika, na barua ibaki ndani.