Barua ya Shule Usiitie Saini Kabla ya Kuielewa



Juzi dada yangu alinipigia simu nikiwa natoka shifti ya usiku. Binti yake anaanza sekondari, na shule imeandika kwamba atawekwa kwenye hesabu za ngazi ya juu. Dada alishashika kalamu, tayari kutia saini pale pa kukataa. "Mdogo wangu, mtoto hajaomba, mimi sijaomba. Nani kamwombea? Akifeli si aibu yetu?" Nikamwambia, dada, weka kalamu chini, nakuja.

Naandika kwa sababu naamini dada hayuko peke yake. Sisi tunaoishi jimbo la Washington (nasema huku Seattle, si mji mkuu) tuna sheria nzuri ambayo wengi wetu hatuijui. Mwaka 2019 bunge la jimbo liliagiza kila wilaya ya shule iwe na sera ya kuwapandisha wanafunzi, ifikapo mwaka wa masomo wa 2021-22. Mwanafunzi aliyefikia kiwango katika mtihani wa jimbo, tuseme wa hesabu, anaandikishwa moja kwa moja katika kozi ngumu zaidi ya somo hilo inayofuata. Hasubiri mwalimu ampendekeze, wala mzazi aende kubembeleza. Mzazi anabaki na haki ya kukataa. Wilaya ya Federal Way, kusini mwa Seattle, ilikuwa na utaratibu huu tangu 2010, kabla jimbo zima halijaufuata.

Kwa nini nalishikia bango? Kwa sababu mimi nilipita kabla ya sheria hiyo. Nilifika nikiwa na miaka 15, natokea Tanga, hesabu nikiziweza vizuri tu. Shule ilisikia lafudhi yangu ikaniweka darasa la kurudia sehemu na desimali. Sikubisha. Mama alikuwa na kazi mbili, na kwa malezi yetu mwalimu habishiwi. Baadaye, nikiwa msaidizi katika nyumba ya wazee, nililipa kwa jasho langu masomo ya hesabu na kemia ya chuo, ambayo wenzangu waliyamaliza bure wakiwa bado sekondari. Shahada ya uuguzi niliipata, namshukuru Mungu, lakini miaka miwili ilipotea hivi hivi.

Nyumbani tunajua mchujo. Matokeo yanatoka, alama zinasema, jina lako lipo au halipo. Tulipofika Marekani tukadhani huku hakuna mchujo, kila mtoto yumo. Jamani, upo! Ila ulikuwa wa kimyakimya: mwalimu anamfikiria nani, mzazi gani anajua pa kubisha hodi. Sheria hii imerudisha kitu tunachokielewa, alama ziseme. Halafu sisi wenyewe ndio tunachukua kalamu kumtoa mtoto!

Faida yenyewe ni ya mfukoni. Ngazi hizo ndizo zinazompeleka mtoto kwenye kozi zinazohesabiwa chuoni. Kuna AP, ambazo mtihani wake hufanyika Mei na alama ni 1 hadi 5. Sheria ya 2017 ilivitaka vyuo vya umma vya jimbo hili viwe na sera ya pamoja ya kuhesabu masomo ya anayepata 3 na kuendelea. Kuna Running Start, ambapo mwanafunzi wa darasa la 11 na 12 anasoma chuoni bila kulipa karo. Na kozi za chuo zinazofundishwa ndani ya sekondari kwa kushirikiana na vyuo vya umma zilifutiwa ada na sheria ya 2023.

Wapo watakaosema naipamba mno. Wana hoja. Sheria inamweka mtoto darasani, haimweki mtu wa kumsaidia mezani saa tatu usiku wakati baba na mama wako kazini. Alama mbaya ya Running Start inabaki kwenye kumbukumbu za chuo. Na mtoto aliyefika juzi kutoka Nyarugusu au Kakuma anaweza kushindwa kufikia kiwango cha mtihani kwa sababu ya Kiingereza tu, wakati akili anayo. Kwa huyo mlango bado mzito, na hapo ndipo tunapotakiwa kuwabana wakubwa wa wilaya zetu. Lakini dawa ya darasa gumu ni kudai msaada wa masomo, si kumrudisha mtoto kwenye darasa asilostahili.

Kazini kwangu mgonjwa hatii saini ya upasuaji mpaka aelezwe atafanyiwa nini, kuna hatari gani, na itakuwaje asipofanyiwa. Hajui Kiingereza? Tunamwita mkalimani. Kwa nini tutie saini kuhusu maisha ya mtoto bila hata swali moja? Shule za umma nazo zinatakiwa kumpa mzazi mkalimani bila malipo. Mwombeni. Ulizeni: mtoto wangu alipata kiwango gani? Akilemewa atasaidiwa na nani? Akikaa alipo, atafika wapi darasa la 12? Na mtihani wa AP, ambao ni karibu dola 100, kuna msaada wa ada? Mkishajibiwa, kubalini au kataeni. Haki ni yenu.

Dada bado ana wasiwasi, simlaumu. Ila barua iko juu ya friji, haina saini, na wiki ijayo tunakwenda shuleni pamoja. Yule binti tulimuuliza yeye mwenyewe mwishoni kabisa, kama kawaida yetu. Akasema, "Mama, mimi nilikuwa nataka. Niliogopa kukwambia."

Nawasilisha.