Mgonjwa Atalala Juu ya Nini?

Mpwa wangu, kijana wa miaka 26 anayeishi na selimundu, alibadilishiwa kiungo cha nyonga. Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya kuruhusiwa alipewa dawa, magongo na tarehe ya kliniki, kisha akaonywa asikunje nyonga kupita nyuzi 90, asipishanishe miguu na asiketi mahali pa chini. Hakuna aliyemwuliza analala juu ya nini.

Kwao Ukerewe alikuwa akilala juu ya godoro la sponji lililobonyea katikati, juu ya kitanda kifupi kiasi kwamba akiketi ukingoni magoti yalipanda juu kuliko nyonga. Kila alfajiri kitanda kilimlazimisha kufanya kile kile alichokatazwa. Wiki ya tatu alinipigia simu: “Mjomba, nyonga mpya haina shida. Ninaumia mgongo, na kuinuka siwezi mpaka nishikwe mkono.”

Hili si jambo la nyumba moja. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye wagonjwa wengi wa selimundu nchini, na ugonjwa huo unaweza kuikosesha damu sehemu ya juu ya mfupa wa paja hadi ikafa, mtu akiwa bado kijana. Ongeza majeruhi wa bodaboda na wazee wanaoanguka. Wengi wao hupanda kilima cha Bugando kutafuta tiba, kisha hurejea Sengerema, Magu, Misungwi au visiwani. Huko, muuguzi ni mama au mke, na wodi ni chumba chenye godoro moja.

Ushauri unaosikika mitaani ni mmoja: lala pagumu, ikibidi sakafuni. Kwa aliyebadilishiwa nyonga, sakafu ni hatari, kwa kuwa kushuka na kuinuka kunakunja kiungo kupita kiasi. Hata kwa mgongo peke yake, ugumu umesifiwa mno. Mwaka 2003 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha utafiti wa Hispania uliowahusisha watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno. Baada ya siku 90, waliolalia magodoro ya ugumu wa kati walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliolalia magumu. Utafiti huo haukuwahusu waliofanyiwa upasuaji wa viungo, lakini unatosha kutufanya tuache kuhubiri ubao kana kwamba ni dawa.

Nilikwenda mjini Mwanza kumnunulia godoro. Muuzaji aliuliza maswali mawili: “Ngapi kwa ngapi? Inchi ngapi?” Nilipomwuliza uzito wa sponji yenyewe, alicheka kwa adabu. “Mwalimu, hili ni gumu, bonyeza uone.” Nikabonyeza. Sikuona kitu, kwa sababu kiganja hakiwezi kutabiri godoro litakavyokuwa baada ya mwaka mmoja chini ya nyonga za mtu.

Sponji kwa sehemu kubwa ni hewa. Godoro la tano kwa sita lenye unene wa inchi 8 lina ujazo wa takribani mita za ujazo 0.57. Likitengenezwa kwa sponji ya kilo 16 kwa kila mita ya ujazo, litakuwa na kilo 9 hivi. Likiwa la sponji ya kilo 30, litakaribia kilo 17. Kwa macho ni mapacha, ila lile jepesi hubonyea mapema pale pale nyonga zinapokaa. Uzito hausemi kila kitu kuhusu ugumu, lakini husema mengi kuhusu uimara. Hata hivyo, sangara wa Kirumba hupimwa kwa kilo, na godoro la mgonjwa hupimwa kwa rula.

Wakazi wa kanda hii tunapaswa kuwa wa mwisho kulikubali hilo. Mapema miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma, wakiwa na viongozi kama Paul Bomani, walichoshwa na mizani ya walanguzi, wakadai kupimiwa kwa haki. Dai hilo la mizani ni mojawapo ya mizizi ya ushirika uliokuja kuunganishwa mwaka 1955 katika Shirikisho la Victoria. Walielewa kwamba asiyejua kipimo hana sauti katika bei.

Wapo watakaosema hospitali zetu zina uhaba wa vitanda vyao wenyewe, zitawezaje kufuata vya nyumbani? Sidai hospitali igawe magodoro. Nadai swali moja katika fomu ya kumruhusu mgonjwa: kitanda chako kina kimo gani? Jibu lake mara nyingi ni la seremala. Kitanda pamoja na godoro, mgonjwa akiwa ameketi, kizidi kidogo urefu wa kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti. Kwa mpwa wangu, vipande vinne vya mbao vilivyochimbwa vishimo ili miguu ya kitanda isiteleze, pamoja na mto katikati ya magoti, vilisaidia hata kabla godoro jipya halijavuka ziwa.

Kwa Shirika la Viwango Tanzania, dai langu ni kusimamia uzito wa sponji uandikwe kwenye kila godoro, kwa Kiswahili na kwa tarakimu zinazosomeka. Na wanaotekeleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 wajadili pia vifaa vya nyumbani vya mgonjwa wa viungo, na wawape wahudumu wa afya ngazi ya jamii jukumu la kukikagua kitanda chake.

Tunatumia fedha nyingi kumwekea mtu nyonga mpya, kisha tunamrudisha kwenye shimo la sponji. Upasuaji huchukua saa chache. Kupona hutokea usiku, kitandani, ambako serikali haijawahi kuchungulia.