Jua la Kivu halisafishi maji ya ziwa

GOMA – Kila bomba zinapokauka, wakaaji wengi wa Goma na familia zilizokimbia vita hushuka ziwani na bidoni zao za manjano. Wapo wanaojituliza wakisema kwamba maji yaliyopigwa na jua kutwa nzima hayawezi kubaki na mikrobe. Wazo hilo lina ukweli ndani yake, lakini hautoshi kumlinda mtoto na kipindupindu.

Jua hutoa mionzi isiyoonekana kwa macho, iitwayo urujuanimno, ambayo huua mikrobe. Kadiri mtu anavyopanda juu, hewa ya kuizuia inapungua: kila mita 1000, mionzi huongezeka kwa karibu asilimia 10. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1460 hivi, na Tanganyika, kule Uvira na Kalemie, kwenye mita 770 hivi. Basi Kivu hupigwa zaidi kidogo. Maziwa madogo ya Ruwenzori, juu ya mita 3500, hupigwa zaidi tena.

Lakini urefu peke yake hauamui. Hata Ruwenzori, maji yaliyogeuka meusi kwa majani yaliyooza huikata mionzi karibu na uso wa ziwa. Katika Kivu, pale ukingoni ambapo watu huchota, kuna udongo, sabuni na uchafu unaoletwa na mvua kutoka mitaani. Vilima vya Kalehe vikizidi kukatwa miti, matope nayo yanashuka. Mikrobe hujificha nyuma ya matope hayo kama mtu chini ya mwavuli.

Wavuvi hawahitaji kufundishwa hayo. Sambaza huvuliwa usiku kwa taa, kwa sababu mchana wadudu wadogo wanaoliwa na samaki hao hushuka kwenye giza, na sambaza hushuka pia. Mikrobe ya kipindupindu huweza kushikamana na wadudu wa aina hiyo.

Anayebisha akumbuke Julai 1994. Ilikuwa kiangazi, jua likiwaka, na wakimbizi kutoka Rwanda wakinywa maji ya ziwa hilihili. Kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ndani ya wiki chache.

Jua linaweza kusaidia ndani ya chupa. Chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyokwaruzika, isiyozidi lita 2, ijazwe maji maangavu na kulazwa juu ya bati kwa saa 6. Mawingu yakitanda, siku 2. Maji yakiwa na tope, yachujwe kwanza kwa kitambaa, na chupa ikisimamishwa juu ya gazeti, herufi kubwa zisomeke kutoka juu. Bidoni ya manjano haifai, mionzi haipiti. Familia ya watu 6, kila mmoja akinywa lita 2, inahitaji chupa 8 za lita moja na nusu kila siku. Mama aliyekimbia na mtoto mgongoni atazitoa wapi?

Ndiyo maana mashirika ya kiutu na viongozi wasiifanye njia hii kuwa kisingizio cha kupunguza klori au malori ya maji. Klori ibaki kando ya ziwa kila siku, mvua na kiangazi. Chupa ni za siku ile klori haikufika, na maji yanywewe kutoka chupa ileile, bila kumiminwa tena ndani ya bidoni iliyotoka ziwani.