Mtoko wa peke yako Kidatu: Kiti kimoja, maswali kibao

Kidatu. Mwanamume akikaa kaunta peke yake na glasi yake, watu husema ana mawazo. Mwanamke akifanya hivyohivyo, husema anasubiri mtu. Tofauti hiyo ndogo ya maneno ndiyo inayoamua nani anaweza kutoka usiku akajiburudisha mwenyewe, na nani atalazimika kutafuta kampani kwanza.

Kwa ufupi
- Hakuna sheria inayomtaka mteja mtu mzima aje baa na mwenzake.
- Kidatu na jirani zake zina wafanyakazi wengi waliotoka mbali, wenye kipato na wasio na ndugu karibu.
- Kinachokwamisha mtoko wa mtu mmoja ni ofa, usafiri na macho ya watu.

Mji wa wageni
Kidatu, wilayani Kilombero mkoani Morogoro, umekuzwa na kazi. Bwawa la umeme kwenye Mto Ruaha Mkuu, lenye uwezo wa megawati 204, lilianza kuzalisha mwaka 1975. Reli ya Tazara inapita hapo. Kiwanda cha sukari cha Kilombero, ambacho Kampuni ya Illovo ilikiingia mwaka 1998 huku Serikali ikibaki na asilimia 25, huvuta mafundi, madereva na wakata miwa kutoka mikoa mbalimbali.

Msimu wa kusaga miwa huanza katikati ya mwaka na kusimama masika yakikaribia. Kipindi hicho kiwanda hakilali. Mtu anatoka shifti wakati wenzake ndio wanaingia, amepanga chumba, familia iko Mbeya au Iringa. Akitaka kupumzisha kichwa kwa saa mbili, ataenda na nani? Kwa wengi, mtoko wa peke yako si fasheni ya mtandaoni. Ni ratiba ya kazi tu.

Upanuzi wa kiwanda ulioanza mwaka 2021, maarufu kama K4, ulilenga kupandisha uzalishaji kutoka takriban tani 127,000 za sukari hadi tani 271,000 kwa mwaka. Lami ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita zipatazo 67, nayo imerahisisha safari. Wateja wa aina hii hawatapungua.

Kokteli ya nyumbani
Masaki jijini Dar es Salaam, kokteli inaweza kuja na jani la mnanaa na jina refu. Huku bondeni, mara nyingi ni Konyagi au kikali kingine, soda au toniki, barafu na kipande cha ndimu. Kinachosahaulika ni kwamba malighafi iko jirani: tangu mwaka 2013 kiwanda cha Kilombero kina mtambo wa kutengeneza spiriti kutokana na molasesi, wenye uwezo wa lita milioni 12 kwa mwaka. Mji unazalisha spiriti na sukari, yaani nusu ya glasi nzima.

Lakini utamu hudanganya ulimi. Konyagi ina kilevi cha asilimia 35. Toti mbili za mililita 30 zina mililita 21 za kilevi halisi, wakati bia ya mililita 500 yenye asilimia tano ina mililita 25. Toti tatu zimeshaipita bia hiyo, na zinaweza kuisha ndani ya dakika kumi. Aliye na wenzake ataambiwa "sasa basi". Aliye peke yake lazima ajiambie mwenyewe, tena mapema. Shirika la Afya Duniani lilieleza Januari 2023 kuwa hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara.

Sheria inasemaje?
Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inahusu leseni na saa za biashara. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inazuia watoto kuuziwa vileo. Ibara ya 17 ya Katiba inampa raia uhuru wa kwenda atakako. Hakuna panaposema mteja awe na mwenzake.

Utata uko kwenye kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu, kinachogusa uzururaji, ukahaba na mwenendo mbaya hadharani. Kukaa baa hakujaorodheshwa kuwa kosa. Hata hivyo, misako ya usiku mijini huzua malalamiko kwamba mwanamke anahukumiwa kwa mahali alipokutwa, si kwa alichofanya.

Tanzania haiko peke yake. Baa ya McSorley's ya New York ilianza kuruhusu wanawake mwaka 1970 tu, baada ya suala hilo kufika mahakamani. El Vino ya London ilikataa kuwahudumia wanawake waliosimama kaunta, hadi Mahakama ya Rufani ilipoamua mwaka 1982 kuwa huo ni ubaguzi. Leo Korea Kusini wana hata neno la kunywa peke yako, honsul. Kote huko, mazoea yalibadilika pale mteja aliposhikilia kiti chake na mwenye baa akaona pesa yake ni pesa.

Ofa si mkataba
Hapa ndipo shida inapoanza. Chupa inatua mezani, mhudumu anasema "umetumiwa na yule pale". Ukipokea, mtumaji anaweza kujiona ana haki ya kuhamia meza yako. Ukikataa, unaitwa mwenye nyodo. Baa inayojali ingeweza kulimaliza kirahisi: mhudumu amuulize mteja kabla kinywaji hakijafunguliwa.

Wenye baa nao wana hesabu zao. Meza ya watu wanne huuza bia nyingi, nyama choma na ndizi. Mtu mmoja na glasi moja anaonekana hasara. Ila viti virefu vya kaunta havichukui meza, na mteja wa kaunta akiridhika hurudi kesho, tena siku za katikati ya wiki ambazo watu ni wachache.

Kwa anayepanga kutoka peke yake, mambo manne yanasaidia: kula kwanza, kuona kinywaji kikichanganywa mbele yake, kutoacha glasi akienda msalani, na kupatana mapema na bodaboda anayemfahamu. Huyo wa mwisho ndiye muhimu zaidi. Kati ya baa na chumba cha kupanga kuna giza na mashamba ya miwa, na hilo ni suala la taa za barabarani na doria, ambalo halmashauri na polisi wanaweza kulishughulikia bila kumuuliza mtu kwa nini yuko peke yake.