Usilale chini ya chuma ukiwa peke yako

Uwe unaishi Daraja Mbili au Mwembe mjini Kisii, ama Keroka, ama Nyamira mjini, jimu ya ploti unaijua. Paipu moja, mikebe miwili ya rangi iliyojazwa zege na benchi la mbao. Hakuna ada ya mwezi, na kifua kinatoka tu. Hatuna ubaya na jimu hiyo. Shida inaanza pale msee anapolala chali saa mbili usiku, peke yake, chuma kikiwa juu ya shingo.

Kwenye jimu ya kulipia, sahani za chuma huchomoka. Ukikwama na hujazifunga, unainamisha upande mmoja zinaanguka. Zege likishashika paipu, limeshika. Ukishindwa, hakuna cha kumwaga; ni wewe na uzito wote.

Tena uzito wenyewe tunaukisia. Mkebe wa lita 4 ukijazwa zege hufika kilo 9 hivi. Miwili ni 18, na bado paipu. Mmoja ukiwa mzito kuliko mwenzake, chuma kinalala upande na bega moja ndilo linaloumia. Omba mizani ya muuza mahindi au makaa, upime kila mkebe kabla ya kuuchomeka.

Sasa lala vizuri. Macho yawe chini ya paipu, nyayo zote sakafuni, makalio yasiinuke. Vuta mabega nyuma uyakandamize benchini. Shika kwa upana unaozidi mabega kidogo, kiwiko cha mkono kisikunjike nyuma, na kidole gumba kizunguke paipu. Wako wanaokiacha upande mmoja na vidole vingine wakidhani ni ujuzi. Mkono ukiwa na jasho, chuma kinateleza na kutua kooni.

Shusha polepole hadi usawa wa chuchu, si shingoni. Viwiko visitanuke kama mabawa ya kuku, wala visibane mbavu. Gusa kifua bila kudundisha, kisha sukuma juu, chuma kikirudi kidogo kuelekea usawa wa mabega. Vuta pumzi kikishuka. Itoe ukishapita pale pagumu. Acha ukiwa bado na nguvu za kuinua mara mbili.

Mwenzako asimame nyuma ya kichwa chako, mikono karibu na paipu, simu mfukoni. Kubalianeni mapema utainua mara ngapi na ukisema neno gani anashika. Kumwita si uoga. Kama hayupo, leo piga presapu. Na ukinaswa hata hivyo, usingoje mikono iishe nguvu: kishushe kifuani, kiviringishe hadi mapajani, kisha uketi.

Wenye jimu za mtaani nao wana kazi. Fundi wa jua kali anaweza kuchomelea vizuizi viwili kando ya benchi, vya kimo cha kudaka paipu kabla haijafika shingoni. Changeni kama mnavyochanga pesa za mpira.

Kifua kitakuja tu, hata kikichelewa. Lakini kabla hujaongeza mkebe mwingine wiki hii, tafuta kwanza mtu wa kusimama nyuma yako.